Masuala na Majibu: Al-Buni, Shamsul Maarif na hatimu isiyokubali

Toleo lililopita tulieleza hirizi zinavyoandikwa, na humo tukalitaja kwa mstari mmoja tu jina la Ahmad al-Buni, anayenasibishwa na Shamsul Maarif, kitabu wanachokitumia waganga. Barua zilizokuja baada ya hapo karibu zote zinauliza mstari huo. Tumechagua saba. Majina ya waulizaji tumeyaacha, kwani baadhi yao wameandika mambo ya ndani ya nyumba zao.

Asalaam alaykum. Huyu Al-Buni ni nani khasa? Barazani kwetu mmoja anamwita walii, mwengine anasema ndiye baba wa wachawi. Na eti alifika Pemba? (Msomaji, Wete)

Waalaykum salaam. Pemba hakufika. Alikuwa mtu wa Maghribi, Abul Abbas Ahmad bin Ali al-Buni, na nisba yake inatokana na mji wa Buna, ambao leo ni Annaba, pwani ya Aljeria. Sheikh wake alikuwa Abdul Aziz al-Mahdawi wa Tunis, yule yule ambaye Ibn Arabi, sufi mashuhuri, alikaa kwake na kumwandikia kitabu cha al-Futuhat al-Makkiyya. Baadaye Al-Buni alihamia Misri. Kusomesha kwake kulikuwa kwa mtindo ambao mtu wa darsa za hapa kwetu ataujua mara moja: mwanafunzi anasoma kitabu kwa sauti, sheikh anasikiliza na kurekebisha, kisha majina ya waliohudhuria yanaandikwa pembeni mwa nakala. Vikao vya namna hiyo vilifanyika al-Qarafa, kwenye makaburi makuu ya Cairo, mwaka 622 Hijria (1225). Mwaka huo huo ndio unaotajwa zaidi kuwa mwaka wa kufa kwake.

Alichoandika kwa mkono wake ni tasawwuf nzito. Kitabu chake kikubwa, Ilm al-Huda, ni sherehe ya Asmaul Husna. Fikra yake ni kwamba herufi na majina ya Mwenyezi Mungu ndiyo ngazi ambayo viumbe viliteremka kwayo, na mja anaweza kuipanda kwa dhikri na riyadha (mazoezi ya kuitiisha nafsi). Mwenye kutafuta dawa ya mpinzani wa biashara ataona kitabu hicho kinachosha.

Ama ubishi wenu wa baraza, una umri wa miaka mia saba. Ibn Taymiyya (aliyefariki 1328) alimshambulia kwa kumweka karibu na wanaoziomba nyota. Ibn Khaldun (aliyefariki 1406) anamtaja katika kitabu chake Muqaddima, kwenye mlango wa siri za herufi, na humo ana neno kali ambalo waganga wa kitabu hawapendi kulinukuu: mwenye kufanya kazi kwa majina bila ya kashfu (kufunuliwa siri na Mwenyezi Mungu) hana tofauti na mtengeneza talasimu, bali mtengeneza talasimu ni wa kuaminika zaidi, kwa kuwa yeye angalau ana kanuni za kushikilia. Hukumu ya dini tunawaachia masheikh wenu. Tunachosema sisi ni kwamba anayemhukumu Al-Buni kwa kitabu kinachouzwa madukani anamhukumu kwa maneno ambayo mengi si yake.

Kitabu cha Shamsul Maarif nilichonunua mjini ni chenyewe? (Msomaji, Mwanakwerekwe)

Tazama jalada. Likisema "al-Kubra", na ndani kuna fasli 40 zilizogawiwa juzuu nne, basi una kitabu ambacho nakala zake kongwe za mkono zinazojulikana ni za karne ya 17, yaani miaka mia nne baada ya Al-Buni. Ndani yake wametajwa watu waliokuja baada ya yeye kufa. Aliandika kweli kitabu kiitwacho Shams al-Maarif wa Lataif al-Awarif, na nakala za zamani za hicho zipo katika maktaba za dunia, lakini ni kitabu chengine, kidogo zaidi. Al-Kubra ni mkusanyo: vipande vyake vimo, na vya watu wengine vimo.

Tahadhari nyengine ni ya uchapaji. Chapa za bei rahisi zimepigwa kutoka chapa za zamani, nazo kutoka nyengine, na wino umefifia. Katika jedwali za tarakimu za Kiarabu, ٢ na ٣ hazitofautiki tena, na nukta ya sifuri hupotea kabisa, 40 ikawa 4. Hakuna mganga anayeweza kulijua hilo kwa kutazama. Hujulikana kwa kujumlisha.

Masheikh wetu, mimi nasomesha watoto chuoni na napenda hesabu. Nimejaribu hatimu ya nyumba tisa kwa jina Wadud. Mistari yote inakubali, wima na ulalo, ila mshazari mmoja unazidi kwa moja. Nimeifuta na kuiandika upya mpaka karatasi imetoboka. Kosa liko wapi? (Maalim, Mkoani)

Maalim, kosa halipo. Umefika mahali ambapo hatimu ya tisa yenyewe inakataa, na sababu yake ni hesabu tupu.

Tuanze na mfano unaokubali ili wasomaji wengine watufuate. Hatimu ni jedwali la namba, vyumba vyake huitwa nyumba, na inakubali pale kila mstari, safu na mshazari unapotoa jumla moja. Mpangilio wa asili wa nyumba tisa ni huu:

4 – 9 – 2
3 – 5 – 7
8 – 1 – 6

Kila upande unatoa 15. (Pembe zake, 2, 4, 6 na 8, ndizo herufi ba, dal, wau na ha, na hapo ndipo linapotoka lile "Buduh" linaloandikwa juu ya bahasha na vifurushi.) Mtu akitaka hatimu ya jina, anatoa hesabu ya jina kwa abjadi (hesabu inayoipa kila herufi ya Kiarabu thamani yake), anapunguza 12, kisha anagawa kwa 3. Jibu ndilo miftahi, namba inayokaa nyumba ya 1. Kutoka hapo anapanda moja moja kufuata mpangilio wa asili.

Latif ni lam 30, twa 9, ya 10, fa 80, jumla 129. Punguza 12, zinabaki 117. Gawa kwa 3, unapata 39 bila kasri (yaani bila kubaki kitu). Nyumba ya 1 inapata 39, ya 2 inapata 40, mpaka ya 9 inapata 47:

42 – 47 – 40
41 – 43 – 45
46 – 39 – 44

Jumlisha utakavyo, utapata 129, na mishazari yote miwili pamoja.

Sasa Wadud: wau 6, dal 4, wau 6, dal 4, jumla 20. Ukipunguza 12 zinabaki 8, na 8 kwa 3 ni 2 na kasri ya 2. Kanuni inasema kasri ikiwa 2, ongeza moja kuanzia nyumba ya 4. Ikiwa 1, ongeza moja kuanzia nyumba ya 7. Ukiifuata unapata:

6 – 11 – 3
4 – 7 – 9
10 – 2 – 8

Mistari mitatu ni 20, safu tatu za wima ni 20, mshazari wa 3, 7, 10 ni 20. Mshazari wa 6, 7, 8 ni 21. Ndio huo uliokutobolea karatasi. Katika hatimu ya tisa iliyokamilika pande zote, jumla lazima iwe mara tatu ya namba ya katikati. 20 haigawiki kwa 3, kwa hiyo hakuna namba nzima itakayokaa katikati na kuridhisha pande zote. Uandike usiku au mchana, kwa zafarani au kwa kalamu ya risasi, haitakubali. Allah (66) inakubali, Hayy (18) inakubali, Wadud haikubali.

Jina lenye kasri hupelekwa kwenye nyumba kumi na sita. Mpangilio wa asili uliozoeleka:

8 – 11 – 14 – 1
13 – 2 – 7 – 12
3 – 16 – 9 – 6
10 – 5 – 4 – 15

Hapa unapunguza 30 na kugawa kwa 4. Kasri ya 1 unaiongeza kuanzia nyumba ya 13, ya 2 kuanzia ya 9, ya 3 kuanzia ya 5. Jaribu Latif hiyo hiyo: 129 toa 30 ni 99, gawa kwa 4 ni 24 na kasri ya 3. Nyumba ya 1 mpaka ya 4 zinachukua 24 mpaka 27, kisha unaruka 28 na nyumba ya 5 inaanza na 29. Mstari wa juu unakuwa 32, 35, 38, 24, jumla 129. Na safari hii mishazari nayo inakubali, kwa sababu kila mstari, kila safu na kila mshazari una nyumba moja tu kutoka kila kundi la nyumba nne, hivyo ile moja ya ziada inagawika sawasawa. Mtu aliyeupanga hivyo alikuwa na akili kweli kweli. Wadud peke yake hata hapa haitoshi, kwani 20 ni pungufu ya 30. Watu wa fani huiunganisha na jina jengine kwanza.

Na usimpe Al-Buni sifa ya kuivumbua hatimu ya tisa. Al-Ghazali, aliyefariki 1111, zaidi ya miaka mia kabla yake, anaieleza katika kitabu chake al-Munqidh: iandikwe juu ya vitambaa viwili visivyowahi kuguswa na maji, mwanamke aliyeshikwa na uchungu avitazame, kisha viwekwe chini ya nyayo zake. Wachina nao wanayo, ya zamani zaidi.

Waganga wawili wamempigia mwanangu nyota. Mmoja kasema Simba, mwengine Mizani, na kila mmoja ana dawa yake na bei yake. Nimwamini nani? (Mama mzazi, Makunduchi)

Bi mkubwa, inawezekana wote wawili wamehesabu sawa. Shida iko kwenye maandishi ya jina.

Njia yao ni hii: jina la mtoto na jina la mama yake yanaandikwa kwa Kiarabu, yanahesabiwa kwa abjadi, jumla inatolewa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki ndicho nyota: 1 Kondoo, 2 Ng'ombe, 3 Mapacha, 4 Kaa, 5 Simba, 6 Mashuke, 7 Mizani, 8 Nge, 9 Mshale, 10 Mbuzi, 11 Ndoo, 12 Samaki. Mchukue Asha binti Fatuma. Fatuma ni 135. Mganga wa kwanza anamwandika Asha kama Bibi Aisha, kwa ain, alif, herufi ya yenye hamza, shin na ha ya mwisho: 386. Jumla 521, inabaki 5, Simba. Wa pili anaandika kama tunavyotamka, bila ile herufi ya: 376. Jumla 511, inabaki 7, Mizani. Akija wa tatu anayehesabu ha ya mwisho kuwa ta ya 400 katika majina yote mawili, atapata 1311, inabaki 3, Mapacha. Na wa nne akiwa na kitabu cha abjadi ya Kimaghribi, ambamo shin ni 1000 badala ya 300, atapata 1221, inabaki 9, Mshale.

Mtoto mmoja, nyota nne, na hakuna aliyekosea kujumlisha. Hiyo tofauti ya Maghribi na Mashariki ndiyo inayowaponza wengi, kwani herufi sita zinabadilika thamani: sadi, dhwadi, sini, dhwa, ghaini na shini. Ile 786 ya Bismillahi inayobandikwa madukani, ukiihesabu Kimaghribi inakuwa 1026.

Na kwa kuwa barua hizi zinamhusu Al-Buni: upigaji nyota wa jina na mama unatoka zaidi kwenye vijitabu vinavyonasibishwa na Abu Maashari al-Falaki. Kabla ya kulipa dawa, mwambie mganga aandike jina mbele yako na aoneshe thamani ya kila herufi. Asiyetaka kuonesha hesabu yake, muage.

Ni kweli ukiingia khalwa ya kitabu hiki bila ijaza unapata wazimu? Kuna jirani yetu alitolewa chumbani hajitambui. (Msomaji, Chake Chake)

Khalwa ni kujifungia peke yako kwa dhikri. Ijaza ni ruhusa ya sheikh kwa mwanafunzi kwamba amesoma kwake na anaweza kusoma au kusomesha. Kazi yake ya vitendo ni kuwepo mtu mzima anayekujua, anayekuangalia na kukwambia basi. Ukiikosa, mambo mawili ya mwili hukupata, na tungeanza nayo kabla ya kumtaja jini.

La kwanza ni mkaa. Masharti ya khalwa huwa chumba kilichofungwa, chetezo kinachowaka udi na ubani, saa nyingi. Mkaa ukiwaka pasipo hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu, na harufu ya buhuri inakupumbaza udhani unavuta manukato tu. Dalili zake zinafuatana: kichwa kugonga, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, kuchanganyikiwa, kuanguka. Mtu akikutwa hivyo, fungueni milango na madirisha, mtoeni nje kwanza, chetezo kitolewe, kisha hospitali haraka, na mwambieni daktari kulikuwa na mkaa. Asipoambiwa anaweza kutibu homa.

La pili ni usingizi na chakula. Riyadha za vitabu hivi zinataka mtu afunge, asile chenye roho wala kitokacho kwenye roho (yaani nyama, samaki, mayai, maziwa, samli), na usiku akeshe. Halafu idadi. Latif peke yake husomwa mara 129, na katika uradi mkubwa mara 16,641, ambayo ni 129 mara 129. Ukisoma jina moja kwa sekunde bila kupumzika, ni saa nne na dakika 37. Fanya hivyo kila usiku kwa siku saba bila kulala vizuri, utaanza kusikia na kuona vitu, uwe na ijaza au usiwe nayo. Ndiyo maana misikitini idadi hiyo hugawanywa: watu wengi, kila mmoja fungu lake, madirisha wazi, na kahawa baadaye. Mwenye historia ya maradhi ya akili, kisukari au kifafa asiingie kabisa.

Kombe nalo limetoka kwa Al-Buni? (Msomaji, Nungwi)

Hapana. Na la kuchekesha ni kwamba Ibn Taymiyya, hasimu wake mkubwa, aliruhusu mgonjwa aandikiwe aya kwa wino wa halali, zikoshwe, anywe. Kinachoharibika siku hizi ni vifaa. Zafarani ya kweli ukiitia kwenye maji inatoa umanjano polepole na uzi unabaki mwekundu. Ikimwaga wekundu papo hapo na uzi ukapauka, ni rangi. Marashi yawe yale ya kunywewa, si ya kupulizia nguo. Sahani iwe nyeupe isiyo na maua ya rangi ndani. Peni na wino wa chupa, hapana. Na homa ipimwe kwanza.

Marehemu babu yetu ameacha chuo cha mkono, kinene, kina hatimu nyingi. Wengine wanataka kichomwe, wengine wanaogopa hata kukishika. Tufanye nini? (Wajukuu, Micheweni)

Msikichome. Kwanza kijueni. Fungueni mwisho wa kitabu: mnakili hufunga maandishi yakipungua mstari kwa mstari kama pembe tatu, na humo ndimo linapokuwa jina lake na mwaka wa Hijria. Inueni ukurasa mtupu mbele ya dirisha. Mkiona hilali tatu ndani ya karatasi, hiyo ni karatasi ya Italia iliyouzwa sana nchi za Waislamu. Tazameni chini ya ukurasa, kwenye kona: neno dogo lililoandikwa hapo ndilo neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Lisipolingana, kuna karatasi iliyopotea au iliyopachikwa pasipo pake.

Kisha hatimu zenyewe zijumlisheni, kwa njia tuliyomwambia Maalim wa Mkoani. Mkikuta zinakubali na zile za chapa hazikubali, babu yenu alikuwa akihesabu mwenyewe, hakunakili kwa macho.

Hifadhi yake: kilazwe, kisisimamishwe, ndani ya boksi la karatasi, juu ya rafu iliyo mbali na ukuta wenye unyevu. Nailoni hapana, inafungia joto na ukungu unaota. Selotepu hapana kabisa, gundi yake inageuka hudhurungi na kung'oa wino. Laminesheni ndiyo mwisho wa kitabu. Kurasa zilizogandana msizibandue kwa maji wala kwa kisu. Piga picha kwa simu, mwanga wa dirishani bila taa ya simu, kila ukurasa kwa zamu yake hata mitupu. Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja, wanazo hati za Kiarabu, zikiwemo za tiba na falaki, nao watawaeleza namna ya kukihifadhi hata kama hamtaki kukitoa.

Vikaratasi vilivyochomekwa katikati msivitoe kabla ya kuvipiga picha pale pale vilipo. Vyuo vya waganga hubeba deni la karafuu, tarehe za kuzaliwa watoto, na majina ya watu na shida walizomletea mganga. Picha za kurasa zenye majina hayo zisiingie kwenye makundi ya WhatsApp, kwani wenye majina hayo watoto wao wapo hapo hapo Micheweni.